Ella Sheppard na Kwaya Iliyojenga Shule

Wapendwa wanakwaya na waumini, katika sherehe hii ya yubile tunawakumbuka waliotutangulia katika huduma ya uimbaji: waliotufundisha solfa, waliobeba kinanda kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, na waliotoa nauli zao ili kwaya isafiri. Pamoja na hao wetu, tumeona vema tuwaletee maisha ya mwanakwaya mmoja wa nchi ya mbali. Yeye na wenzake walilibeba jina la Yubile kabla yetu, na waliitumia sauti waliyopewa kuwafungulia wengine mlango wa masomo.

Neno yubile tumelipata katika Mambo ya Walawi, sura ya 25. Mwaka wa hamsini baragumu inapigwa, mtumwa anaachwa huru, na kila mtu anairudia jamaa yake. Kwa Ella Sheppard na wenzake hayo hayakuwa mafundisho ya kitabuni tu. Karibu wote walizaliwa utumwani, au wazazi wao walikuwa watumwa. Walipojiita Waimbaji wa Yubile walikuwa wakieleza jambo lililowapata wao wenyewe.

Mtoto aliyenunuliwa na baba yake

Ella alizaliwa Februari 4, 1851, katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Mama yake, Sarah, alikuwa mtumwa katika familia iliyohusiana na Andrew Jackson, Rais wa zamani wa nchi hiyo. Baba yake, Simon, naye alizaliwa mtumwa, lakini alifanya kazi za ziada mjini Nashville, akaweka akiba senti kwa senti, na hatimaye akajinunua kwa dola 1,800. Kisha akaanza kuweka akiba tena ili amkomboe mkewe.

Ella alipokuwa mtoto mdogo wa miaka mitatu hivi, mama yake aligundua kwamba bibi mwenye nyumba alikuwa akimfundisha mtoto yule kuchunguza na kuchongea mambo ya mamake mzazi. Sarah alivunjika moyo. Alimbeba Ella akaelekea mtoni, amekata shauri kufa pamoja naye kuliko kumwona akikua katika hali ile. Ella alikuja kusimulia ukubwani kwamba njiani walikutana na mama mmoja mzee, mtumwa kama wao, aliyemzuia Sarah. Alimwambia kwamba Mungu ana kazi na mtoto yule, na kwamba siku moja atasimama mbele ya wafalme na malkia. Sarah aligeuka, akarudi nyumbani na mtoto wake.

Simon alipopata fedha za kumkomboa mkewe, yule bibi alivunja ahadi na kukataa kumuuza. Alichokubali ni kumuuza mtoto. Simon akalipa dola 350 kwa ajili ya binti yake. Ella akaondoka na baba, na mama akapelekwa mbali, katika jimbo la Mississippi. Ndivyo familia ile ilivyogawanywa kwa mkataba wa mauzo.

Mlango wa nyuma

Baba alioa tena na akajaribu biashara, lakini madeni yakamzidi. Sheria ya siku hizo ilikuwa na hila yake: kwa kuwa Simon alikuwa amewanunua mke wake wa pili na Ella, na hakuwa amewaandikishia hati za uhuru, walihesabiwa kuwa mali yake. Wadai wangeweza kuwakamata na kuwauza ili walipwe fedha zao. Familia ikatoroka usiku, ikavuka hadi mji wa Cincinnati katika jimbo la Ohio, ambako utumwa haukuruhusiwa.

Huko Ella akaingia shule na akaanza kujifunza piano. Alikuwa msichana wa afya dhaifu, na ugonjwa ulimkatiza masomo mara kwa mara, lakini muziki hakuuacha. Baba alijinyima akamnunulia piano. Mwaka 1866 kipindupindu kikamwua baba, na wadai wakaja tena. Safari hii walichukua kila kitu, piano ikiwemo. Ella akabaki na miaka 15, hana baba, mama yuko asikokujua, na vidole vyake vimekosa pa kufanyia mazoezi.

Hapo ndipo mtu wa kwanza asiye wa ukoo wake alipojitolea kumsomesha muziki. Alikuwa James Presley Ball, mpiga picha mweusi aliyejulikana sana Cincinnati. Alijitolea kumlipia mafunzo ya sauti kwa mwalimu mmoja mzungu mwenye sifa. Mwalimu alikubali kwa masharti. Ella asimwambie mtu yeyote ni nani anayemfundisha. Apitie mlango wa nyuma. Afundishwe usiku, katika chumba cha ghorofani, wanafunzi wengine wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani. Ella akayakubali masharti hayo. Alipata masomo 12 tu, kisha fedha zikaisha.

Masomo yale 12 tuyakumbuke. Msichana huyu alijua jinsi mtu anavyojisikia anapoyatafuta maarifa ya muziki kama anayeiba. Maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa jibu kwa mlango ule wa nyuma.

Dola sita mfukoni

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865 na utumwa kupigwa marufuku, Ella alirudi Tennessee akafundisha shule ya watu walioachwa huru katika mji wa Gallatin. Wazazi wa watoto wale hawakuwa na fedha. Baada ya miezi mitano ya kazi akiba yake ilikuwa dola sita.

Wakati huo Nashville ilikuwa na shule mpya. Ilifunguliwa Januari 1866 na Shirika la Wamisionari la Marekani katika mabanda ya mbao yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Iliitwa Fisk, kwa jina la Jenerali Clinton Fisk aliyewasaidia kupata majengo hayo. Waliokuwa watumwa jana walimiminika humo, watoto kwa wazee, babu ameketi benchi moja na mjukuu, wote wakitafuta kujua herufi. Mwaka 1868 Ella alifika Fisk na dola zake sita. Karo hiyo ilitosha wiki chache tu. Aliosha vyombo na kushona, akawafundisha watoto wachache wa mjini piano, na kwa njia hiyo akaendelea kukaa shuleni.

Mweka hazina wa shule alikuwa George White, mtoto wa mhunzi, aliyekuwa askari katika vita. Hakuwa na elimu kubwa ya muziki, lakini alikuwa na sikio zuri na alipenda kwaya. Aliona kipaji cha Ella, akamfanya msaidizi wake katika kufundisha muziki. Ndivyo Ella alivyokuwa mtu mweusi wa kwanza kuajiriwa miongoni mwa walimu wa Fisk.

Nyimbo za chumbani

Mwanzoni kwaya ya Fisk iliimba muziki wa Ulaya na nyimbo zilizopendwa na watu wa siku zile. Nyimbo za wazazi wao, zile zilizoimbwa mashambani na katika mikutano ya siri ya maombi, wanafunzi hawakutaka kuziimba hadharani. Kwao zilikuwa vitu vitakatifu vya nyumbani, na tena ziliwakumbusha minyororo ambayo kila mmoja alitaka kuisahau. Nani anapenda kuonyesha kovu lake kwa wageni?

Lakini faraghani waliziimba. Walikutana katika chumba cha Bwana White, wakafunga mapazia, wakakaa sakafuni kwa sababu viti vilikuwa vichache, wakaimba kwa sauti ya chini. Mmoja alileta wimbo aliousikia kwa mama yake, mwingine akaongeza ubeti aliousikia katika shamba jingine. Walifundishana wao kwa wao. Ella ndiye aliyezikusanya, akazipanga kwa sauti nne na kuzisahihisha. Kwa mkono wake, nyimbo ambazo hazikuwa zimeandikwa popote zilianza kuwa hazina ya kwaya. Mwalimu yeyote wa kwaya anayesoma hapa anaijua kazi hii: kusikiliza, kuandika, kurudia, na kusubiri hadi besi isikike bila kuwafunika tena.

Oktoba 6, 1871

Kufikia mwaka 1871 shule ilikuwa inakufa. Mabanda yalikuwa yakioza, chakula kilikuwa kidogo, na madeni yalikuwa mengi. Bwana White akatoa wazo ambalo wengi waliliona la kichaa: achukue kwaya, asafiri nayo kaskazini, aimbe na kuchangisha. Shirika lililomiliki shule halikutaka kugharimia safari hiyo. White akachukua karibu fedha zote zilizobaki katika hazina, akakopa nyingine, na Oktoba 6, 1871 wakaondoka Nashville. Waimbaji walikuwa tisa: wasichana watano na wavulana wanne. Ella, mwenye miaka 20, alikuwa mpiga piano na msaidizi wa mwalimu. Wenzake walikuwa Maggie Porter, Jennie Jackson, Minnie Tate, Eliza Walker, Thomas Rutling, Benjamin Holmes, Isaac Dickerson na Greene Evans.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Hoteli ziliwafukuza kwa rangi yao. Nguo zao zilikuwa nyepesi, na baridi ya kaskazini ilikuwa inaingia. Watu wengi walikuja wakitarajia kuchekeshwa, kwa maana siku hizo wazungu waliojipaka masizi usoni walikuwa wakizunguka miji wakiwadhihaki watu weusi kwa nyimbo. Walipowaona vijana wenye adabu wakisimama na kuimba kwa utulivu, wengine walishangaa na wengine hawakutoa kitu. Mara nyingi sadaka haikufika hata gharama ya safari.

Katika siku hizo za kwanza, moto mkubwa uliteketeza mji wa Chicago. Waimbaji walikuwa Ohio, nao ni wahitaji, lakini mapato ya tamasha moja, yasiyofika dola 50, waliyatoa yote kwa waathiriwa wa moto. Hawakubaki na kitu cha kuwapeleka mji uliofuata ila imani.

Wakiwa Columbus, huku kikundi kikijadili kama warudi nyumbani, Bwana White alikesha akiomba. Asubuhi aliwaambia kwamba amepata jina: wataitwa Waimbaji wa Yubile. Waliikubali mara moja. Walikuwa wanajua wameachwa huru kutoka wapi.

Wimbo uliofungua mlango wa mbele

Novemba mwaka huohuo walifika Oberlin, Ohio, ambako wachungaji na wajumbe wa makanisa ya Congregational walikuwa katika mkutano wao wa kitaifa. Wajumbe walikuwa wakizungumza wao kwa wao. Kwaya ikaanza wimbo Steal Away kwa sauti ya chini kabisa, kama walivyouimba katika chumba kile chenye mapazia yaliyofungwa. Mazungumzo yalikoma. Walipomaliza, wajumbe walitaka zaidi. Tangu siku hiyo nyimbo za wazazi wao zilichukua nafasi ya kwanza katika matamasha yao.

Kutoka hapo walikwenda New York. Mchungaji Henry Ward Beecher, aliyekuwa na kanisa kubwa Brooklyn, aliwapokea na kuwaombea michango, na milango ya makanisa mengine ikafunguka. Machi 1872 waliimba Washington mbele ya Rais Ulysses Grant. Waliporudi Nashville msimu huo walileta dola 20,000. Shule ikalipa madeni, ikanunua shamba la ekari 25 mahali palipokuwa ngome ya jeshi, kwa ajili ya majengo mapya.

Katika mwaka uo huo walialikwa katika tamasha kubwa la amani mjini Boston, lenye maelfu ya waimbaji na okestra kubwa. Walipewa sehemu katika wimbo wa kizalendo wa Battle Hymn of the Republic, na ufunguo uliochaguliwa ulikuwa wa juu mno. Waimbaji wengine walioanza beti za mwanzo walishindwa. Waimbaji wa Yubile walikuwa wamefanya mazoezi kwa ufunguo huohuo, neno kwa neno, hadi kila herufi isikike. Zamu yao ilipofika sauti zao zilipaa safi, na umati mzima ukasimama. Watu wengi waliita jambo lile ajabu. Mwanakwaya anajua kwamba lilikuwa mazoezi.

Mwaka huohuo pia Theodore Seward aliziandika nyimbo zao kwa noti na zikachapishwa kitabuni. Seward huyo baadaye akawa mmoja wa watetezi wakubwa wa solfa nchini Marekani, yaani ile do, re, mi ambayo hata leo ndiyo inayoandikwa ubaoni katika mazoezi ya kwaya zetu nyingi.

Mbele ya malkia

Mwaka 1873 walivuka bahari hadi Uingereza. Waliimba mbele ya Malkia Victoria. Waliimba katika kanisa la mhubiri Charles Spurgeon mjini London, na katika mikutano ya uamsho ya Dwight Moody. Maneno ya yule mama mzee wa mtoni yakatimia, na miaka michache baadaye yakatimia tena Ujerumani, walipoimba mbele ya jamaa ya kifalme.

Safari hiyo ya kwanza ya Uingereza ilileta karibu dola 50,000. Kwa mapato ya matamasha yao jengo kubwa la matofali lilisimama Nashville, nalo likaitwa Jubilee Hall. Liliwekwa wakfu Januari 1, 1876. Kwa kulinganisha na habari za kwetu, ni miaka hiyohiyo ambapo wamisionari wa CMS walikuwa wakiwapokea watumwa walioachwa huru pale Frere Town, Mombasa. Baadaye Fisk ilipata jengo jingine lililopewa jina la David Livingstone, ambalo waimbaji walianza kulichangishia wakiwa Uingereza, likiwa na nia ya kuwaandaa vijana watakaotumwa Afrika.

Tusidhani gharama ilikuwa ndogo. Mwanzoni waimbaji hawakuwa na mshahara. Waliimba usiku baada ya usiku, walisafiri wakiwa na homa, na sauti ziliharibika. Mke wa Bwana White alifariki wakiwa Scotland mwaka 1874, na White mwenyewe alidhoofika kifuani. Benjamin Holmes alirudi nyumbani akiugua kifua kikuu, akafa mwaka 1875. Ella aliugua mara nyingi, lakini viongozi walipolala kitandani yeye ndiye aliyefundisha kwaya, akapiga piano, na kuwapokea waimbaji wapya waliochukua nafasi za waliochoka. Jambo lingine ni hili: miaka ambayo vijana wale wangekaa darasani waliimaliza jukwaani na barabarani. Walijenga vyumba vya masomo ambavyo wengi wao hawakupata nafasi ya kuvikalia.

Kikundi kile kilivunjwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1878. Katika miaka saba walikuwa wameichangia shule yao kiasi cha dola 150,000.

Aliyerudi kufundisha

Hapa ndipo maisha ya waimbaji wengi mashuhuri huishia katika vitabu. Kwa Ella, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa bado mbele.

Kwanza, familia yake. Vita vilipokwisha Ella alimtafuta mama yake kule Mississippi, akampata. Pamoja naye alikuwa binti mwingine, mdogo wake Ella ambaye hakupata kulelewa naye. Aliwaleta wote Nashville, na kwa fedha zake za uimbaji akajenga nyumba karibu na shule. Miaka mingi baada ya mkataba ule wa dola 350, mama na mtoto walikaa chini ya paa moja. Kila anayeisoma ile sura ya 25 ya Walawi ataona kwamba hii nayo ni yubile.

Mwaka 1882 aliolewa na George Moore, aliyesoma Fisk na baadaye akawa mchungaji. Walihamia Washington, ambako Mchungaji Moore aliongoza kanisa katika mtaa uliojaa baa na umaskini. Ella alitembea nyumba kwa nyumba pamoja na akina mama, akafundisha watoto, akapinga ulevi, na akaendelea na muziki kanisani. Baada ya miaka tisa hivi mumewe alipewa kazi ya kusimamia makanisa ya kusini, wakarudi Nashville. Huko Ella alilea watoto wake, akahudumu katika umoja wa akina mama wa misheni, na akazunguka akizungumza katika shule na makanisa.

Na hakuiacha kwaya. Fisk ilikuwa na kizazi kipya cha wanafunzi ambao hawakuuona utumwa kwa macho yao. Wengi wao, kama wale wa chumba cha Bwana White, waliona aibu kuimba nyimbo za watumwa. Wengine walitaka waonekane wamesoma. Kijana mmoja aliyehitimu Fisk, John Wesley Work, alirudi kufundisha hapo, akaamua kuzikusanya upya nyimbo hizo na kufufua kikundi cha Waimbaji wa Yubile. Ella alikuwa upande wake. Alimpa nyimbo, akamweleza jinsi zilivyoimbwa, akawafunza waimbaji vijana mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kushusha sauti. Mwaka 1909 waimbaji wa Fisk, Work akiwa miongoni mwao, walirekodiwa katika santuri. Watu wasiowahi kufika Nashville wakaanza kusikia katika nyumba zao kile kilichoanza sakafuni kwa sauti ya chini.

Ella Sheppard Moore alifariki Juni 1914, akiwa na miaka 63. Siku chache kabla ya kuugua alikuwa bado safarini, akizungumza na wanafunzi wanaohitimu katika shule moja ya jimbo la Alabama. Alizikwa katika makaburi ya zamani ya mji wa Nashville.

Yanayotuhusu

Jubilee Hall bado limesimama. Ndani yake ipo picha kubwa ya waimbaji iliyochorwa walipokuwa Uingereza. Waimbaji wa Yubile wa Fisk bado wapo, na mwaka 2021 walipata tuzo ya Grammy. Kila mwaka, Oktoba 6, shule ile huadhimisha siku ambayo wale tisa waliondoka. Wanafunzi wa kwaya huenda makaburini walikolazwa waimbaji wa kwanza, wakasimama hapo na kuwaimbia. Waliohitimu zamani hurudi siku hiyo pia. Kwa njia hiyo kijana wa mwaka wa kwanza anajua jina la aliyemtangulia, na anajua kwamba kiti anachokalia kina aliyekilipia.

Nyimbo walizozihifadhi zimefika mbali. Hata hapa Kenya kuna kwaya za makanisa na za shule ambazo zimeimba Swing Low, Sweet Chariot au Steal Away, huenda bila kujua kwamba zilipangwa na vijana waliokuwa wakisitasita kuziimba. Jambo hilo litufundishe kuzitazama tena nyimbo za bibi na babu zetu, zile za lugha za nyumbani, ambazo baadhi yetu tunaziona si za kiwango cha jukwaa. Asipopatikana wa kukaa chini na wazee akaziandika kwa solfa, zitazikwa nao.

Tujiulize pia habari ya wanafunzi wetu. Katika kila kanisa kuna mtoto anayegonga meza kwa mdundo sahihi, na nyumbani kwao hakuna kinanda. Kuna msichana mwenye sauti ya tatu safi, ambaye akimaliza shule hatapata wa kumfundisha kusoma noti. Ella alisaidiwa na mpiga picha aliyelipia masomo 12. Masomo 12 si mengi. Ni kiasi ambacho wanakwaya wa zamani, walio kazini leo mjini au vijijini, wanaweza kukichanga bila harambee kubwa. Asiye na fedha ana Jumamosi mchana. Asiye na nafasi Jumamosi ana daftari lake la zamani la nyimbo, lililo kabatini linaliwa na mende, ambalo lingemfaa mwalimu kijana.

Yubile hii basi isiwe ya keki na sare mpya pekee, ingawa sare ni nzuri na keki tutaila kwa furaha. Katika Walawi, yubile ilikuwa mwaka wa kurudi. Uliyeimba hapa ukaondoka, karibu nyumbani. Njoo Jumamosi ya mazoezi, uingie kwa mlango wa mbele, na umlete mtoto mmoja pamoja nawe.

Bwana aibariki kwaya yetu, awabariki waliotufundisha, na atupe watakaofundisha baada yetu. Amina.